Guu la Nani?

Kazini kwetu kulikuwa na sanduku la maoni. Lilikuwa jeupe, la plastiki, limetundikwa karibu na mashine ya kahawa, na lilikuwa na kufuli. Katika miezi minane niliyofanya kazi pale sikuwahi kuona mtu akilifungua. Wala sikuwahi kuona mtu akitia karatasi ndani, kwa sababu juu yake, kwenye dari, kulikuwa na kamera ya usalama.

Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa tatu, karo imegoma kupatikana, na kazi ya kupokea simu za wateja ilikuwa kazi nzuri kwa mtu wa aina yangu. Kampuni yenyewe siitaji. Ni kubwa, hiyo inatosha. Kila baada ya miezi mitatu mkurugenzi alishuka kutoka ghorofa ya juu kuja kutuambia kwamba mlango wake uko wazi. Siku moja nikamwamini. Niliinua mkono nikasema wateja wanapiga simu kila siku wakilia kwamba wamekatwa pesa mara mbili, kwamba sisi tumeagizwa tuwaambie wangoje saa 48, na kwamba kila aliye kwenye chumba hiki anajua hizo saa 48 hazina maana yoyote. Ukumbi ukanyamaza. Mkurugenzi akanishukuru. Akasema hivyo ndivyo anavyopenda, watu wakweli. Watu wakapiga makofi.

Kesho yake kiongozi wa timu yetu akaniita kando.

"Dadangu, ile stori ungeniletea mimi kwanza."

"Si nilikuletea? Mara tatu."

"Basi ungeniletea ya nne."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wawili na mkopo wa SACCO. Mkataba wangu ulipoisha mwezi uliofuata, haukuongezwa. Hakuna aliyesema ni kwa sababu ya yale maneno. Hakuna aliyesema lolote.

Nilibaki na swali: katika kampuni kubwa, mfanyakazi anaweza kumwambia mkubwa ukweli? Wenzangu walikuwa na jibu fupi, ati nilikuwa mshamba. Mimi nikaenda kusoma. Si chuoni tena, bali kwenye simu, usiku, kwenye kumbukumbu za uchunguzi za Marekani ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma bure. Nilianza na ndege moja, kwa sababu ndege ile ilikuwa inakuja kwetu.

Jumapili, Machi 10, 2019, ndege ya Ethiopian Airlines nambari 302 iliondoka Addis Ababa asubuhi, saa mbili na dakika 38, ikija Nairobi. Ilikaa angani kama dakika sita, kisha ikaanguka shambani karibu na Bishoftu. Watu wote 157 walikufa. Wakenya walikuwa 32, wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Sikumjua hata mmoja wao. Nakumbuka tu runinga ya hosteli, picha za watu wakingoja JKIA mahali pa kupokea wageni, na jinsi walivyoendelea kutazama ubao wa kuwasili kana kwamba ubao ungebadilisha maneno yake.

Ndege ilikuwa Boeing 737 MAX, karibu mpya kabisa. Miezi minne na ushei kabla yake, Oktoba 29, 2018, nyingine ya aina hiyohiyo, ya Lion Air, ilikuwa imetumbukia baharini Indonesia ikiwa na watu 189. Nilidhani nitasoma habari za mitambo. Kumbe nilikuwa nasoma habari za watu waliosema mapema, na nikagundua kwamba ili kuwaelewa ilinibidi nirudi nyuma hadi mwaka 1972, kwenye kampuni nyingine.

Kampuni hiyo ni McDonnell Douglas, watengenezaji wa ndege kubwa iliyoitwa DC-10. Kiwiliwili cha DC-10, pamoja na milango ya mizigo, kilitengenezwa na kampuni nyingine iliyopewa kandarasi, Convair. Juni 12, 1972, DC-10 ya American Airlines ilikuwa juu ya mji wa Windsor, Kanada, mlango wake wa mizigo ulipofyatuka. Hewa ya chini ikatoka kwa kishindo, sakafu ya abiria ikaporomoka kwa sehemu, na nyaya za usukani zinazopita chini ya sakafu hiyo zikaharibika. Rubani alifanikiwa kuitua Detroit. Hakuna aliyekufa.

Siku 15 baadaye injinia mmoja mkuu wa Convair, Dan Applegate, aliandika waraka wa ndani. Hakuzungushazungusha. Alisema ndege hizi zitakaa angani miaka 20 ijayo, na katika muda huo ni lazima mlango utafunguka tena, na ukifunguka, kuna uwezekano mkubwa ndege nzima ipotee. Alitaka kampuni yake iisukume McDonnell Douglas ibadilishe sakafu na mlango.

Jibu la bosi wake ndilo lililonifanya niweke simu chini nitembee kidogo chumbani. Bosi hakusema Applegate amekosea. Hakubisha hata hoja moja ya kiinjinia. Alichosema, kwa ufupi, ni kwamba Convair ikilileta jambo hili mezani, McDonnell Douglas itaiambia Convair ilipe gharama za marekebisho. Wakuu wakakaa, wakajadili, wakaamua waraka usipelekwe.

Machi 3, 1974, miezi 20 baadaye, DC-10 ya Turkish Airlines iliondoka Paris ikielekea London. Mlango wa mizigo ukafyatuka. Ndege ikaanguka kwenye msitu wa Ermenonville na watu wote 346 wakafa. Waraka wa Applegate uliletwa hadharani baada ya hapo, watu walipokuwa tayari mahakamani.

Mpaka hapo nilikuwa nimeshaona kwamba swali langu halikuwa sawa. Nilikuwa nauliza kama mfanyakazi anaweza kusema. Applegate alisema. Alisema kwa maandishi, kwa tarehe, kwa mkubwa wake mwenyewe. Na mkubwa alisikia, akaelewa, akakubali. Ukweli haukukosa masikio. Ulikuja na bili, na kila aliyeupokea aliitazama bili kwanza.

Sasa turudi Boeing. Kwa miaka mingi Boeing ilisifika kuwa kampuni ya mainjinia. Ndege yake ya 777, iliyoanza kubeba abiria mwaka 1995, iliongozwa na mtu anayeitwa Alan Mulally. Katika mradi ule mainjinia, mafundi wa kiwanda na hata mashirika ya ndege yaliyokuwa wanunuzi walikalishwa pamoja tangu mwanzo, ili aliyeona tatizo aliseme kabla chuma hakijakatwa. Sisemi ilikuwa pepo. Lakini waliofanya kazi wakati ule wengi huongea juu yake jinsi wazee wetu wanavyoongea juu ya mvua za zamani.

Mwaka 1997 Boeing iliinunua McDonnell Douglas, ileile ya DC-10. Kwenye karatasi Boeing ndiyo iliyonunua. Lakini wakuu wa McDonnell Douglas walipata viti vikubwa, na Seattle ukaenea utani kwamba McDonnell Douglas imeinunua Boeing kwa pesa za Boeing. Hesabu za wenye hisa zikaanza kukaa kiti cha mbele. Mwaka 2000 mainjinia na mafundi wa chama cha SPEEA waligoma kwa siku 40. Ulikuwa mmoja wa migomo mikubwa zaidi ya wafanyakazi wa ofisini katika historia ya Marekani. Watu wa kalamu na kompyuta, wanaojulikana kwa upole, walisimama barabarani kwenye baridi ya Februari. Walidai mishahara na marupurupu, ndiyo, lakini pia walidai kuheshimiwa.

Mwaka uliofuata, 2001, makao makuu ya Boeing yakahamishwa kutoka Seattle hadi Chicago, zaidi ya kilomita 2,500. Sababu iliyotolewa ni kwamba wakuu wakikaa karibu sana na viwanda huvutwa kwenye shughuli za kila siku, wakakosa kuona mambo makubwa. Isome tena hiyo sababu polepole. Kuwa karibu na wanaotengeneza ndege kulionekana kuwa usumbufu.

Sisi tuna methali, mkubwa ni jalala. Maana yake kila uchafu utamfikia na ni kazi yake kuupokea: malalamiko, lawama, harufu. Mkubwa anayekataa kuwa jalala hajapunguza taka. Amefanya zibaki chini, kwenye mitaa ya wanaoishi huko.

Mwaka 2011 Boeing ilibanwa. Mshindani wake, Airbus, alikuwa na ndege mpya inayotumia mafuta kidogo, na wateja walikuwa wanahama. Kuunda ndege mpya kabisa kungechukua miaka, kwa hiyo waliamua kuifanyia marekebisho 737, ndege iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1967. Injini mpya zilikuwa kubwa, zikalazimika kusogezwa mbele na juu kidogo, na hilo likabadilisha tabia ya ndege angani katika hali fulani. Dawa ikawa programu ya kompyuta iliyoitwa MCAS, inayoweza kusukuma pua ya ndege chini yenyewe, bila rubani kuiamuru. Ilitegemea kifaa kimoja tu cha kupima pembe ya ndege dhidi ya upepo. Kimoja. Kikidanganya, programu inaamini.

Kwa nini marubani wengi hawakujua hata jina la programu hiyo? Bili, tena. Boeing ilikuwa imeahidi mashirika ya ndege kwamba rubani wa 737 ya zamani hatahitaji mafunzo ya gharama kwenye mashine ya kuiga urubani. Kwa mteja mmoja mkubwa, Southwest, iliahidi punguzo la dola milioni moja kwa kila ndege iwapo mafunzo hayo yangehitajika. Ukiwa na ahadi kama hiyo shingoni, jambo lolote jipya ndani ya ndege linakuwa jambo la kuzungumzwa kwa sauti ya chini.

Na bado watu walisema. Desemba 2015 injinia wa Boeing aliandika barua pepe akiuliza kama MCAS iko hatarini ikiwa kifaa kimoja cha pembe kitaharibika. Lilikuwa swali lenyewe hasa, karibu miaka mitatu kabla ya ajali ya kwanza. Ndege ikauzwa vilevile. Mwaka 2016 kampuni yenyewe ilifanya utafiti wa ndani kwa wafanyakazi wake wanaokagua usalama kwa niaba ya serikali. Asilimia 39 ya waliojibu walisema wameona dalili za shinikizo lisilofaa. Asilimia 29 walisema wanaogopa yatakayowapata wakiripoti. Fikiria hapo kidogo. Kampuni iliwauliza watu wake kama wanaogopa, wakajibu ndiyo, na jibu likawekwa kwenye faili. Kulikuwa pia na wale waliosemezana wao kwa wao. Kwenye jumbe zilizotolewa hadharani Januari 2020, mfanyakazi mmoja anamuuliza mwenzake kama angeipandisha familia yake ndege ya MAX. Mwenyewe anasema hangeweza. Mwenzake anajibu hapana.

Halafu kuna Ed Pierson. Alikuwa afisa mstaafu wa jeshi la majini, na sasa meneja wa ngazi ya juu katika kiwanda cha Renton zinakoundwa 737. Juni 2018 alimwandikia mkuu wa mpango wa 737. Alisema mafundi wamechoka, vipuri vinachelewa, kazi zinafanywa nje ya mpangilio, na kwamba kwa mara ya kwanza maishani anasita kuipandisha familia yake ndege ya Boeing. Alipendekeza kiwanda kisimamishwe kwa muda. Kwa ushahidi alioutoa baadaye bungeni, walipokutana alimwambia mkuu huyo kwamba jeshini kwa mambo madogo kuliko haya shughuli husimamishwa. Akajibiwa kwamba jeshi si shirika la kutafuta faida. Pierson akastaafu Agosti. Oktoba ndege ya Lion Air ikaanguka. Akaandika tena, safari hii kwa mkurugenzi mkuu wa Boeing, kisha Februari 2019 kwa bodi. Machi ikaanguka yetu.

Lazima niwe mkweli hapa, maana makala yenyewe ni ya ukweli. Wachunguzi waliona mchango wa MCAS na kile kifaa kimoja katika ajali zote mbili. Hayo aliyoyaona Pierson kiwandani hayakuthibitishwa kuwa ndiyo yaliyoziangusha. Lakini injinia wa 2015 na meneja wa 2018 walikuwa wakigonga mlango mmoja.

Usiku mmoja nilijumlisha waliokufa katika ajali mbili za MAX. 189 na 157. Nikajumlisha tena kwa kalamu, nikidhani nimekosea. 346. Ni idadi ileile ya waliokufa Ermenonville mwaka 1974. Ni sadfa, sitaki kuifanya iwe kitu kingine. Lakini sikulala vizuri.

Tunafundishwa tangu utotoni kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimetafuta methali ya mkuu asiyesikia la mdogo, sijaipata. Labda ni kwa sababu guu linalovunjika hapo si la mkuu. Mkurugenzi mkuu wa Boeing alifutwa Desemba 2019, na aliondoka na mafao ya zaidi ya dola milioni 60. Mtu mmoja tu alishtakiwa binafsi kwa jinai, rubani wa ngazi ya kati wa kampuni, na mwaka 2022 baraza la mahakama likamwachilia. Kampuni ililipa na kuahidi kubadilika. Ikaimarisha hata njia ya wafanyakazi kuripoti mambo kwa siri. Februari 2024, jopo la wataalamu lililoundwa kwa amri ya Bunge la Marekani likatoa ripoti yake: bado kulikuwa na pengo kati ya wakuu na wafanyakazi kuhusu usalama, na watu bado walisita kuripoti kwa kuogopa kulipiziwa kisasi.

Kwa hivyo jibu ni hapana? Karibu niseme hivyo, ningemaliza mapema. Lakini kuna yule Alan Mulally wa 777. Boeing haikumpa kiti cha juu kabisa, na mwaka 2006 akaenda kuongoza Ford, kampuni ya magari iliyokuwa inazama. Kila wiki wakuu wa idara walileta taarifa zenye rangi: kijani ni sawa, njano ni tahadhari, nyekundu kuna shida. Wote walileta kijani. Huo ni mwaka ambao Ford ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 12. Wiki moja Mark Fields, mkuu wa shughuli za bara la Amerika, akaonyesha nyekundu: gari jipya lilikuwa na hitilafu, amesimamisha kulitoa. Chumba kikanyamaza. Mulally akapiga makofi.

Nilipofika hapo nilicheka peke yangu. Makofi! Hata mimi nilipigiwa makofi. Tofauti ni kilichofuata. Mulally aliuliza nani anaweza kumsaidia, na wenzake wakaanza kutaja watu na ujuzi wa kutuma. Bili ya ule ukweli ikagawanywa pale pale mezani. Baada ya wiki chache taarifa za wengine zikaanza kuwa na rangi zote. Na Fields hakukosa kuongezewa mkataba. Mwaka 2014 alimrithi Mulally.

Najua Fields hakuwa mpokea simu. Alikuwa bosi akimwambia bosi mkubwa. Kwa sisi wa chini ngazi ni ndefu, na kila kidato kina mtu mwenye watoto wawili na mkopo wa SACCO. Kiongozi wa timu yangu hakunizuia kwa sababu anapenda uongo. Alijua kwamba nikisema mimi, ataulizwa yeye. Ukitaka kujua kama mahali panaruhusu ukweli, usiulize mlango wa nani uko wazi. Tazama aliyesema mara ya mwisho yuko wapi sasa, na nani alilipia alichokisema.

Mwezi jana rafiki yangu ambaye bado yuko pale alinipigia simu. Lile sanduku limeondolewa, ati sasa kuna fomu ya mtandaoni, ya siri kabisa. Ili kuifungua unaingiza nambari yako ya kazi. Tukacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema wateja bado wanakatwa mara mbili, na juzi alipigiwa na mama mmoja aliyekatwa pesa za dawa. Akaniuliza afanye nini.

Sikumwambia ainue mkono mkutanoni. Nilimwambia aandike. Aweke tarehe, aeleze anachokiona bila kutia chumvi, na abaki na nakala nyumbani. Karatasi ya Applegate haikuwaokoa wale watu wa Paris, lakini ilifanya isiwezekane kwa yeyote kusema hakujua. Kisha nikamwambia atafute wengine wa kutia sahihi pamoja naye, maana mmoja ni rahisi kutoongezewa mkataba.

"Wangapi?" akauliza.

Nikamwambia sijui, lakini mmoja nilishajaribu.

Jana usiku alinitumia ujumbe. Wamefika wanne. Wa nne ni kiongozi wa timu.